Mbwa wa Ng'ombe, Ghorofa ya Tatu

Mwezi uliopita ndugu yangu mdogo alinivuta hadi Kitengela nimsaidie kutafuta nyumba ya kupanga. Nilimwambia sina hamu. Kitengela nimeishi, na vumbi lake nimelila la kunitosha hadi uzeeni. Lakini yeye ni kitindamimba, na kitindamimba hajui neno hapana. Basi ajenti akatuzungusha tangu asubuhi: nyumba hii haina maji, ile haina dirisha la jikoni, nyingine imetazamana na choo cha jirani. Saa nane mchana akatupandisha ngazi za jengo moja kuukuu kule Noonkopir. Kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili kuna kidato kimoja ambacho fundi alikikosea, kifupi kuliko vingine. Mguu wangu ulikiruka wenyewe kabla akili haijajua tuko wapi.

Ajenti akafungua mlango wa kushoto, ghorofa ya tatu, tukaingia. Akaufunga nyuma yetu ili atuonyeshe kufuli jipya, na hapo ndipo nilipoiona ile mikwaruzo. Iko upande wa ndani, kuanzia chini kabisa hadi usawa wa kiuno changu, mistari iliyochimba mbao. Mingine imezibwa na rangi ya kahawia iliyopakwa juu juu, mingine bado ni mbao tupu.

"Hapa iliguswa kidogo," ajenti akasema, "lakini msijali, landlord atapiga rangi."

Nilitaka kucheka nikashindwa. Zaidi ya miaka ishirini imepita, na mwenye nyumba bado yuko njiani na brashi yake. Ndugu yangu alikuwa ameshaingia jikoni kujaribu mifereji. Mimi nilibaki pale mlangoni. Sogea karibu nikueleze, maana habari hii sijawahi kuieleza yote, hata nyumbani kwetu.

Tulihamia pale miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nikiwa darasa la nne. Wazazi wangu ni watu wa magharibi waliofuata mshahara. Baba alikuwa karani kwenye ofisi moja Nairobi, na mama alishona mashati katika kiwanda kule Athi River. Saa kumi na mbili asubuhi wote walikuwa wameshatoka, mama akiwa na ndugu yangu mgongoni, kumpeleka kwa mwanamke aliyelea watoto wa watu nyuma ya soko. Walirudi saa moja jioni, na siku mbaya saa mbili. Katikati hapo nyumba ilikuwa mimi. Nilivaa ufunguo shingoni kwa uzi wa kiatu. Nikitoka shuleni saa kumi, nilipandisha maji kwa mtungi kutoka kwenye tangi la chini, nikakata sukuma wiki, nikawasha stovu, nikangoja. Kazi kubwa ilikuwa hiyo ya kungoja. "Nyumba haiogopwi," mama aliniambia kila nilipolalamika, "ni ukuta tu." Ni rahisi kusema hivyo kama humo ndani si wewe.

Sifa moja ilikuwa nayo ile nyumba, ilikuwa na balkoni inayotazama uwanda. Wakati huo jengo letu lilikuwa la mwisho. Mbele yake hakukuwa na kitu ila nyasi, miiba na upepo, na siku nyingine pundamilia wakichungulia nguo zilizoanikwa kama watu wa sokoni. Saa moja asubuhi, nikinywa chai yangu peke yangu, ng'ombe walipita hapo chini kwenda malishoni. Kwanza ungesikia kengele zao, halafu vumbi lingepanda hadi dirishani.

Ng'ombe hao walikuwa wa mama wa maziwa. Alikuwa Mmasai mrefu mwenye shanga hadi masikioni, na boma lake lilikuwa ng'ambo ya korongo. Jioni saa kumi na moja alipanda ngazi na jerikeni lake, na mimi nilikuwa nimejifunza kuinamisha kichwa kama watoto wa kwao, aniguse utosini. "Supa," angesema. "Epa," ningejibu, na hapo Kimasai changu kingeishia. Maziwa yake yalinukia moshi kwa sababu yalikaa kwanza kwenye kibuyu kilichosafishwa kwa kijinga cha moto. Mama alilalamika mwezi mzima kwamba chai imeungua. Baadaye akinywa chai isiyo na moshi alisema ni maji ya kuogea.

Sasa, mwaka ule kulikuwa na wizi. Sufuria ziliondoka mlangoni, nguo ziliondoka kwenye kamba, na siku moja mchana mlango wa ghorofa ya kwanza ulivunjwa. Baba akaanza kukosa usingizi juu yangu. Jumapili moja mama wa maziwa alipokuja, baba alimkaribisha ndani.

"Mama, wewe uko na mbwa mingi. Tupatie moja ya kulinda nyumba."

"Uko na ng'ombe?"

"Hapana."

"Mbuzi?"

"Hata kuku sina."

Mama wa maziwa akatazama viti vyetu, meza yetu na kabati letu la vyombo. "Sasa italinda nini?"

"Si huyu mtoto."

Akanitazama. "Mbwa yetu ni ya inkishu," akasema, yaani ya ng'ombe. "Inatembea na ng'ombe mpaka jioni. Haijui kukaa."

"Mbwa ni mbwa," baba akasema. "Itazoea."

Usimwite baba mjinga. Kwao mbwa hulala chini ya ghala mchana kutwa, hula ugali wa jana, na akibweka mara mbili kwa wiki anahesabiwa amefanya kazi. Baba aliamini mbwa ni kitu unachokiweka mahali kikakaa, kama kufuli. Na mimi, ambaye ningeweza kunyamaza, nilirukaruka. Niliahidi kumwosha, kumtembeza na kufagia kila atakachoangusha. Baba alininyooshea kidole. "Basi huyu ni wako. Akikosa, ni wewe umekosa." Nilikubali haraka mno. Nilichotaka mimi ni mtu wa kukaa naye saa kumi hadi saa moja, na kama mtu huyo ana miguu minne, si neno.

Alikuja wiki iliyofuata, si mtoto tena, mbwa wa mwaka mmoja hivi, mwekundu kama udongo wa kule Kajiado, sikio moja limechanika, miguu mirefu kupita haja. Mama wa maziwa alikataa kupokea chochote. Alisema mbwa huyo amezaliwa pamoja na ndama na ameshiriki nao maziwa. Tukamwita Bosko, jina ambalo kule kwetu kila boma la tatu lina mbwa aliyepewa.

Rafiki yangu, Bosko hakukaa. Siku ya kwanza alikula kiatu cha mama cha kazini, kimoja tu, kile cha kulia. Siku ya pili alivuta vitambaa vyote vya viti, vile mama alivyovishona kwa mkono kabla ya kuolewa, akavilundika kwenye balkoni akavilalia. Siku ya tatu alipasua pakiti ya unga, na niliporudi nyumba nzima ilikuwa nyeupe, yeye mwenyewe mweupe, anarukaruka kwa furaha ya kuniona. Kuchunga alichunga, hilo siwezi kumnyima. Alisukuma mitungi mitupu ya maji kutoka jikoni hadi kona ya sebule, yote sita, akaiwekea ulinzi. Ndugu yangu alipojaribu kutambaa kutoka kwenye mkeka, Bosko alimrudisha kwa pua. Lakini mwizi angekuja na kengele shingoni angefunguliwa mlango.

Na kelele! Saa moja asubuhi ng'ombe wakipita, alisimama kwenye balkoni, miguu ya mbele juu ya ukuta, akalia. Hakuwa anabweka. Alilia, sauti nyembamba inayopanda, hadi kengele zipotee. Halafu alianza kukimbia, kutoka balkoni hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi balkoni, siku nzima, kucha zake zikigonga sakafu. Nilijua ni siku nzima kwa sababu ghorofa ya pili, chini yetu kabisa, aliishi mwalimu wetu wa Kiingereza, mama mmoja mnyoofu wa kutoka mkoa wa Kati. Siku alizobaki nyumbani kusahihisha mitihani alisikia kila kitu, na siku iliyofuata alinisimamisha darasani. "Wewe, ng'ombe wenu wa juu atanyamaza lini?" Darasa zima lilicheka. Hapo bado hatujafika kwenye yale mengine, yaliyodondoka kutoka balkoni yetu hadi kwenye shuka zake alizoanika. Niliyafagia kama nilivyoahidi, lakini shuleni sikuwa na ufagio mrefu kiasi hicho.

Nikitoka shuleni sikuvua hata sare. Nilimfunga kwa kamba ya nguo tukashuka, tukapanda, tukashuka, mara kumi. Kisha tukaenda uwanja wa mpira tukauzunguka hadi kifua kikaniwaka. Tuliporudi mimi nilikuwa nimekufa na yeye ndiyo kwanza ameamka. Jioni moja nililala kwenye kiti sukuma ikiwa motoni. Mama aliingia akakuta moshi, sufuria nyeusi, hesabu hazijafanywa, na mbwa amesimama juu ya meza. Alitua ndugu yangu chini akauliza, "Kwani wewe unafanya nini hapa siku mzima?"

Swali hilo liliniuma, na likinijia hata leo linaniuma. Alikuwa amechoka, najua. Miguu yake ilivimba kwa kusimama kwenye mashine. Lakini hakuna mtu aliyewahi kunieleza jinsi mtoto wa miaka kumi anavyomchosha mbwa aliyeumbwa kutembea hadi jua litue. Baba alisema nimfundishe. Mama alisema nimfunge. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," alisema, akamfunga mwenyewe kwenye nondo ya dirisha, na Bosko akaitafuna kamba hadi ikakatika. Niliwachukia wote watatu. Na Bosko nilimpenda akiwa amelala tu, jambo ambalo halikutokea mara nyingi.

Baba naye alikuwa na msemo wake, kwamba ukimzoea mbwa atakufuata hadi msikitini. Sisi si watu wa msikiti, kwa hiyo Bosko alitufuata kanisani. Aliruka kutoka mikononi mwa jirani tuliyemwomba amshike, akaingia katikati ya ibada, akawaona watoto wa shule ya Jumapili wametapakaa kwenye njia ya katikati, na moyo wake haukuvumilia mtawanyiko huo. Aliwakusanya wote chini ya mimbari kabla wazee wa kanisa hawajasimama. Watu walicheka. Baba hakucheka. Alitazama viatu vyake hadi sala ya mwisho.

Wiki hiyo barua ya mwenye nyumba ikaja. Mbwa atoke kabla ya mwezi kuisha, au tutoke sisi. Baba aliisoma akiwa amesimama, akaikunja. "Jumamosi nitampeleka," akasema. Hakusema wapi, na mimi nilikuwa mkubwa kiasi cha kujua kwamba mtu asiyetaja mahali hana mahali. Nililia hadi pua ikaziba. Ilikuwa ajabu, maana siku tatu kabla ya hapo nilikuwa nimemwombea Bosko aibwe.

Mama wa maziwa alinikuta katika hali hiyo, nikamweleza, nikamwonyesha na barua ingawa hakujua kusoma. Aliangua kicheko akashika ukuta. Kisha akasema maneno ambayo hakuna mtu mwenye kazi ya mshahara katika jengo lile aliyewahi kuyafikiria.

"Si umuache ashuke. Asubuhi ng'ombe inapita hapa chini. Yeye anajua."

Basi kesho yake kengele zilipokaribia, nilifungua mlango. Bosko aliruka vidato vinne vinne. Nilipofika chini alikuwa ameshazunguka kundi lote mara mbili na kunyamaza kabisa. Sikuwahi kumwona amenyamaza. Mume wa mama wa maziwa, mzee mkavu aliyetembea na redio imening'inia shingoni akisikiliza taarifa ya habari, alimtazama, akanitazama na mimi. "Hii mbwa inanuka sabuni," akasema kwa uchungu, akaendelea na safari yake. Saa kumi na mbili na nusu jioni nilisikia kucha kwenye ngazi. Alipanda mwenyewe hadi ghorofa ya tatu, akanywa karai zima la maji, akaanguka kwenye mkeka, akalala kama mfu.

Mwenye nyumba alinyamaza. Mwalimu wa ghorofa ya pili aliniita darasani nikadhani ni vita, kumbe ananipa kitabu cha hadithi. Mama alishona vitambaa vipya. Baba alijisifu kwa watu wa ofisini kwamba si alisema, mbwa huzoea. Kila mtu alipata alichotaka isipokuwa mimi, na sikuwa na mtu wa kumlalamikia, kwa sababu malalamiko yenyewe yalikuwa ya aibu. Nilikuwa na mbwa anayekuja nyumbani kulala. Alikuja amechoka, ananuka vumbi na wanyama, anakula, anafumba macho. Wazazi nilikuwa nao wawili wa namna hiyo tayari. Saa kumi hadi saa kumi na mbili na nusu nilikaa kwenye balkoni na hesabu zangu, natazama uwanda, natafuta vumbi. Hata hivyo akishalala nilimtoa kupe mmoja mmoja, nikaweka kichwa changu kwenye mbavu zake. Hiyo ndiyo ilikuwa sehemu yangu, na niliishika kwa mikono miwili.

Kisha mvua zikakosa, mara ya kwanza na mara ya pili. Nyasi za uwanda zikawa nyeupe, halafu zikawa hazipo. Jerikeni la mama wa maziwa likaja nusu, likaja robo, na ng'ombe waliopita chini nikaanza kuweza kuhesabu mbavu zao kutoka juu. Jioni moja alichelewa, akaja giza likianza kuingia, mikono mitupu. Nilimwinamia akanigusa utosini.

"Kesho tunahama," akasema. "Tunaenda huko chini, kupita Kajiado, tutafute majani. Tukipata tutakaa." Akatazama ndani kwenye mkeka, ambako Bosko alikuwa ameanguka. "Huyu aende ama abaki? Wewe ndio mwenye yeye."

Ningeweza kusema tungoje baba aje. Ningeweza kusema sijui. Nilisema, "Abaki."

Hakubisha. Kwao mtu akipewa mnyama ni wake kweli, hata awe mtoto, na aliyetoa hana neno tena. Natamani angebisha. Wazazi waliporudi sikuwaambia kitu, kwa sababu nilijua baba angesema nini, na nilijua angekuwa sawa.

Asubuhi ile ng'ombe walichelewa, maana walikuwa na punda wa mizigo. Bosko alisimama mlangoni saa moja, kama kawaida yake, akitingisha mkia. Nilipita kando yake nikatoka kwa upenyo mdogo, nikaufunga mlango kwa nje, nikaondoka na ufunguo shingoni. Tulikuwa paredi, tukiimba wimbo wa taifa, nilipozisikia kengele upande wa barabara kuu. Nyingi mno, na polepole. Niliimba kwa sauti kubwa. Siku nzima sikusikia somo hata moja, na kila nilipoushika ule ufunguo ulikuwa wa moto.

Saa kumi nilipanda ngazi. Nilitarajia kelele, sikusikia chochote. Nilipofungua, mlango ulisukuma maganda ya mbao yaliyolundikana sakafuni, na upande wa ndani ulikuwa umechimbwa kuanzia chini hadi kifuani pangu, na kwenye ile mikwaruzo kulikuwa na damu. Bosko alikuwa amekaa katikati ya maganda hayo. Miguu yake ya mbele ilikuwa mibichi. Sikujua mbwa anaweza kumtazama mtu namna ile. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anayemngoja karani afungue dirisha.

Nilisogea kando. Ningependa kukuambia nilimkumbatia, nilimwosha vidonda, nilimwomba radhi. Nilisogea tu. Alipita, hakunigusa, akashuka ngazi kwa kuchechemea, na mimi nyuma yake. Barabarani aliinamisha pua kwenye mavi ya ng'ombe yaliyokuwa yamekauka tayari, akageukia kusini. Nilimwita mara moja. Sikio lile lililochanika lilisimama kidogo. Kisha akaanza kukimbia, kwanza kwa miguu mitatu, halafu kwa yote minne.

Mama alinikuta nimekaa kwenye maganda yale nikiwa na kitambaa na karai la maji mekundu. Nilimwambia nilichelewa shule nikasahau kumtoa, na nilipofungua akanitoroka. Alikaa chini karibu nami na sare yake ya kiwandani, ndugu yangu mgongoni, na hatukupika usiku huo. "Alikuwa mbwa mtundu," akasema hatimaye, nadhani ili kunifariji. Baba alienda kwenye balkoni akasimama huko muda mrefu, ingawa uwanda haukuwa na kitu cha kutazama.

Mvua zilirudi baada ya miezi mingi. Mama wa maziwa alikuja mara moja tu, bila jerikeni, kuaga watu. Walikuwa wamepata mahali huko chini, na ardhi ya ng'ambo ya korongo mume wake alikuwa ameshaiuza vipande vipande. Niliinamisha kichwa.

"Ile mbwa ilitufikia," akasema. "Kesho yake, karibu na Isinya. Miguu imeisha kabisa. Ilienda ikalala katikati ya ndama, siku tatu haitoki." Mkono wake ulikuwa bado juu ya kichwa changu. "Ni wewe ulimfungulia?"

"Ni mimi."

"Umefanya vizuri, mtoto wangu."

Sikumwambia kwamba aliyefunga pia ni mimi. Mkono ulikaa pale utosini, mzito, wa joto, na mimi nikaupokea kama mwizi anavyopokea asante.

Hayo yote yamekwisha. Mwezi uliopita nilitoka kwenye balkoni ile nikitarajia, kwa ujinga wangu mwenyewe, kuuona uwanda, na nikakutana na ukuta wa jengo lingine, karibu kiasi cha kupokezana chumvi. Nyuma yake kuna jengo jingine, na jingine, na ng'ambo ya korongo kuna mageti meusi yenye vipande vya chupa juu ya kuta. Korongo lenyewe limejazwa mawe. Chai ya Kitengela siku hizi ni ya pakiti, haina moshi. Nilikasirika, na sijui nilimkasirikia nani, maana sisi wapangaji ndio tuliokuwa wa kwanza kuja na kuta.

Ndugu yangu alitoka jikoni akifuta mikono. Aliuona mlango. "Hii si ndiyo kazi ya yule mbwa mtundu mama husimulia?"

"Hakuwa mtundu."

"Sasa?"

"Alikuwa amefungiwa."

"Na nani?"

Ajenti alikuwa akitusikiliza, funguo mkononi. Baba hayupo tena, mama ni mzee na bado anaamini nilisahau. "Na mimi," nikasema. "Makusudi."

Ndugu yangu aliusogelea mlango. Aliinama akapitisha vidole kwenye mistari ile, taratibu, kama anayesoma. Kisha akamwambia ajenti kwamba nyumba ni ndogo, twende tuone nyingine. Wakatangulia kushuka. Mimi nikawa wa mwisho kutoka, nimesimama nje, mkono kwenye kitasa.

"Madam, vuta tu, utajifunga," ajenti akaniita kutoka chini.

Nikamwambia apande aje aufunge mwenyewe.